Kompyuta Darasani, Wajibu Mtandaoni: Somo kwa Shule za Msingi za Kanisa na Wazazi

Mwanafunzi wa Gredi ya 5 akikabidhiwa kishikwambi hujua kukiwasha, kukizima na kufungua programu kwa muda mfupi kuliko mwalimu alivyotarajia. Vidole vya mtoto havina woga. Linalochukua muda mrefu ni kujua lipi la kuandika na lipi la kuacha, picha ya nani anaweza kuituma na ya nani hana ruhusa nayo, na amwendee nani endapo jambo baya litamfikia kupitia kifaa hicho hicho.

Makala haya yanaeleza jinsi shule ya msingi inayofadhiliwa na kanisa inavyoweza kufundisha ustadi wa kompyuta na uwajibikaji mtandaoni kwa pamoja, katika kipindi kimoja na kwa kifaa kimoja. Yanawalenga walimu, wanachama wa bodi za usimamizi, viongozi wa makanisa, na wazazi wa dini zote ambao watoto wao wanasoma katika shule hizo kote katika Kaunti ya Kilifi.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya shule ya msingi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti husimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na vituo vya malezi ya watoto. Hata hivyo, mtoto anayetoka chekechea ya kaunti ndiye anayeingia Gredi ya 1 mwaka unaofuata, mara nyingi katika ua ule ule wa shule, na simu anayoichezea jioni ni ya mzazi wake. Usalama wake hauwezi kugawanywa kwa ofisi.

Ujuzi huu katika mtaala

Mtaala wa Umilisi, CBC, ulianza kutekelezwa nchini kote Januari 2019. Una umilisi wa kimsingi saba: mawasiliano na ushirikiano, fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo, ubunifu, uraia, ujuzi wa dijitali, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini katika utendaji. Ujuzi wa dijitali, kwa hivyo, ni msingi kama uraia ulivyo msingi. Katika shule ya msingi hupenyezwa katika masomo mbalimbali, na mwalimu wa Hisabati, wa Kiswahili au wa Elimu ya Dini ya Kikristo, CRE, anatarajiwa kuukuza sawa na mwalimu wa Sayansi na Teknolojia.

Vifaa navyo vilitangulia mtaala huo. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ya Kitaifa ilisambaza zaidi ya vifaa milioni 1 katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Shule zilipokea vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu za kompyuta katika shule za msingi na za upili.

Katika shule nyingi baadhi ya vifaa hivyo vimezeeka au betri zimekufa, na darasa lenye wanafunzi wengi hulazimika kugawana vichache vilivyobaki. Somo linaloelezwa hapa limepangwa kwa kuzingatia hali hiyo. Sehemu kubwa yake haihitaji intaneti, na baadhi ya vipindi havihitaji kifaa chochote.

Nafasi ya shule ya kanisa

Shule za kanisa si ngeni kwa zana mpya. Rabai, katika kaunti hii, ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann wa shirika la CMS walikofungua kituo cha misheni mwaka 1846. Wakati huo Pwani ilikuwa imeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu. Misheni zikaja na herufi za Kilatini na baadaye vitabu vya kupigwa chapa. Kila zana ya maandishi ilikuja na swali moja: anayejua kuandika ataandika nini kumhusu mwenzake? Kishikwambi kimelileta swali hilo upya, kwa kasi kubwa zaidi.

Shule ya kanisa ina faida moja ambayo mara nyingi haitumiwi. Watoto tayari wanayajua maneno yanayohitajika: ukweli, jirani, wizi, uwakili, toba, msamaha. Wanayasikia kila wiki katika kipindi cha CRE na katika ibada ya asubuhi. Tatizo ni kwamba maneno hayo hubaki katika kipindi cha dini, na kompyuta hubaki katika kipindi cha kompyuta. Mtoto anaweza kueleza vizuri amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, kisha jioni akasambaza picha ya kumdhihaki mwanafunzi mwenzake bila kuona uhusiano wowote. Kazi ya mwalimu ni kuyaleta maneno hayo mezani pale kifaa kilipo.

Ikumbukwe kwamba shule nyingi za umma zenye jina la kanisa zina wanafunzi Waislamu na wa imani nyingine. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mfadhili wa shule akuze maisha ya kiroho huku akiheshimu imani za wengine. Mifano ya Biblia itumiwe kama mafunzo ya shule hiyo, na mtoto wa imani nyingine aalikwe kueleza funzo linalolingana kutoka kwao. Dini zote zilizo Kilifi zinakataza uongo na wizi, kwa hivyo darasa halitakosa la kuzungumza.

Vipindi vitano vya dakika 35

Vipindi hivi vinafaa Gredi ya 4 hadi ya 6. Kila kimoja kina kazi ya mikono, na kila kimoja kinamwachia mwanafunzi swali la kwenda nalo nyumbani.

Kipindi cha 1: Kifaa na mtunzaji wake. Wanafunzi wakae watatu watatu kwa kila kifaa. Wataje sehemu zake: kiwambo, kitufe cha kuwashia, spika, kamera, tundu la chaji. Wajifunze kunawa na kukausha mikono kabla ya kukigusa, kukizima ipasavyo, na kukiandika katika daftari la vifaa kinapotolewa na kinaporudishwa. Kundi lichague mwanafunzi mmoja wa kushika zamu, na zamu ibadilike kila baada ya dakika 5, ili mwenye nguvu asikishike peke yake kipindi kizima. Mfano wa talanta katika Mathayo sura ya 25 unafaa hapa: watumwa wale waliulizwa walichofanya na mali isiyokuwa yao. Kifaa cha shule ni mali ya umma, na mtoto wa mwakani anakisubiri. Swali la nyumbani: ni kitu gani nyumbani kinachotumiwa na wengi, na nani hukitunza?

Kipindi cha 2: Mashine hutii, mwanadamu huwajibika. Kipindi hiki hakihitaji kompyuta. Mwalimu ajifanye mashine, nao wanafunzi wampe maagizo ya kutoka mezani hadi mlangoni. Wakisema "tembea", atembee bila kusimama mpaka agonge ukuta. Darasa litacheka, kisha litajirekebisha: "Tembea hatua 4. Simama. Geuka kulia. Tembea hatua 3." Hapo watakuwa wameelewa msingi wa programu: mfuatano wa hatua zilizo wazi, zisizo na pengo. Baada ya hapo mwanafunzi mmoja aiagize mashine imwage kikombe cha maji sakafuni. Mwalimu ayamwage. Kisha aulize: "Nani atapanguza?" Mashine haikujua kwamba sakafu italowa. Haijui wema wala ubaya, bali hutekeleza ilichoagizwa. Aliyeagiza ndiye anayeulizwa.

Shule yenye vipakatalishi iendelee na Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Mtoto hupanga vipande vya rangi badala ya kuandika maneno mengi, na Scratch ikishapakiwa hufanya kazi bila intaneti. Wadogo zaidi wana ScratchJr, iliyotengenezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Swali la nyumbani: andika hatua za kupika chai kwa mtu ambaye hajawahi kuona jiko.

Kipindi cha 3: Yaliyo yangu na ya siri. Mwalimu achore duara mbili ubaoni. Katika ya kwanza waandike mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyajua: mchezo ninaoupenda, chakula ninachokipenda. Katika ya pili waandike yasiyopaswa kwenda kwa mtu wasiyemjua: jina kamili, shule, kijiji, njia ya kwenda nyumbani, nambari ya simu ya mzazi, nywila. Kisha mwalimu aoneshe picha ya kuchora ya mtoto aliyevaa sare yenye nembo ya shule, akiwa amesimama mbele ya duka lenye jina la mji. Mtoto huyo hajaandika neno hata moja, lakini picha imeshasema shule anayosoma na mahali anapopita.

Nywila nzuri ni ndefu. Maneno matatu au manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Nywila haipewi rafiki, hata rafiki wa kanisani, na nambari ya siri ya M-Pesa ya mama ni ya mama peke yake. Swali la nyumbani: nani nyumbani anajua nambari ya siri ya mwenzake, na je, inafaa?

Kipindi cha 4: Je, ni kweli? Mwalimu asome ujumbe wa aina inayozunguka katika simu nyingi: utume kwa watu 10 kabla ya jua kutua upate muujiza, usipoutuma utapatwa na balaa. Wanafunzi waulize maswali matatu. Nani amesema? Amejuaje? Anataka nifanye nini? Ujumbe unaotisha ili usambazwe hauwi kweli kwa sababu umetaja jina la Mungu. Darasa lielezwe pia kuhusu akili unde: siku hizi programu inaweza kutunga picha ya mtu ambaye hajawahi kuwepo, au sauti ya mtu ikisema maneno ambaye hakuyasema. Jicho peke yake halitoshi tena kuwa shahidi.

Ukweli unahusu kazi za shule pia. Mzazi anayekwenda saiba kuchapishiwa kazi ya mradi ya mtoto, mtoto mwenyewe hajaigusa, amemfundisha kutia jina lake kwenye jasho la mwingine. Mwanafunzi afundishwe kuandika chini ya kazi yake: picha hii nimeitoa mahali fulani, maelezo haya nimeyasoma katika kitabu fulani, haya mengine ni yangu. Swali la nyumbani: ni ujumbe gani uliofika nyumbani wiki hii ambao hakuna aliyeuliza ulikotoka?

Kipindi cha 5: Jirani aliye upande wa pili. Mwalimu aandike ubaoni sentensi ya kumdhihaki mtu asiyekuwepo, kisha aifute. Aulize: "Imeisha?" Waliokwisha kuisoma bado wanaikumbuka. Ujumbe wa simu nao ni hivyo: kuufuta kwenye simu ya aliyetuma hakuufuti kwenye simu ya kila aliyeupiga picha au kuusambaza. Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa, na mkazi wa Ganze au Magarini anajua moto wa kiangazi ulivyo. Darasa lifanye igizo la watu watatu: anayetukana, anayetukanwa, na anayetazama. Mara nyingi funzo kubwa humlenga wa tatu, kwa sababu ndiye mwenye uwezo wa kukataa kusambaza na kwenda kumwambia mtu mzima. Swali la nyumbani: nikiona mwenzangu akichekwa kwenye simu, nitamwambia nani?

Mtoto anaponyamaza

Vipindi vitano vinaweza kufundishwa vizuri na bado mtoto akadhurika, ikiwa jambo moja halikusemwa wazi.

Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya zilitoa utafiti kuhusu unyonyaji wa kingono wa watoto unaohusishwa na utalii katika Pwani ya Kenya. Maeneo ya kaunti hii yalikuwemo, na wanyonyaji hawakuwa wageni peke yao, wenyeji walikuwemo pia. Wakati huo mnyonyaji alihitaji kufika ufuoni au mtaani. Leo anaweza kuanza kwa salamu katika simu. Hujifanya mtoto mwenzake au msichana mwenye huruma, humsifu, humtumia mtoto bando au zawadi ndogo, humwomba picha, kisha humtisha kwamba ataisambaza asipotuma nyingine. Wakati mwingine mtu huyo anajulikana kabisa na familia.

Silaha ya mtu wa namna hiyo ni aibu ya mtoto. Anajua kwamba mtoto akisema, vitisho vyake vimekwisha nguvu. Hapa ndipo shule ya kanisa inapopaswa kuwa makini kuliko shule nyingine yoyote. Mtoto aliyefundishwa kwamba picha chafu ni dhambi, na akaishia hapo, anaweza kuamua kwamba yeye ndiye mwenye dhambi. Hatamwambia mwalimu, kwa sababu mwalimu ataita mkutano wa shule. Hatamwambia mchungaji, kwa sababu mchungaji atamwambia baba. Hatamwambia mama, kwa sababu mama atalia, au atamchapa. Basi atabaki na anayemtisha.

Kwa hivyo kila darasa lisikie maneno haya kutoka kinywani mwa mwalimu, zaidi ya mara moja: mtu mzima anayemwomba mtoto picha ya mwili wake ndiye mkosaji. Mtoto aliyedanganywa akatuma picha amedhulumiwa. Hata kama alivunja kanuni ya nyumbani kwa kushika simu bila ruhusa, hilo ni jambo la kuzungumziwa baadaye na kwa upole, na halimwondolei haki ya kulindwa. Toba ni ya mkosaji, na anayedhulumiwa anastahili msaada.

Mtoto akija kusema, jibu la kwanza ndilo litakaloamua kama ataendelea. Mwalimu anaweza kusema hivi: "Asante kwa kuniambia. Umefanya vizuri. Huna kosa. Tutatafuta msaada pamoja." Asiseme: "Kwa nini ulifanya hivyo?" Asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa sababu atalazimika kuwaambia wanaohusika na ulinzi wa mtoto. Viboko havina nafasi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi.

Ushahidi utunzwe. Simu isifutwe kitu, na jina la akaunti, nambari na tarehe ziandikwe kwenye karatasi. Picha ya mtoto aliye uchi isisambazwe kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuomba ushauri katika kundi la wazazi au la walimu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaifanya picha ya ngono ya mtoto kuwa kosa kwa anayeitengeneza na kwa anayeisambaza. Simu yenyewe ipelekwe kituo cha polisi kama ilivyo.

Watu wazima nao wana somo

Mtoto anayefundishwa Jumatatu kwamba picha ya mtu haitumwi bila ruhusa, kisha Ijumaa akajiona katika ukurasa wa shule akiwa amepanga foleni ya uji, amefundishwa mambo mawili yanayopingana. Ataamini la pili.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na mtoto ni mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na matumizi hayo yawe kwa maslahi bora ya mtoto. Picha inayomtambulisha mtoto ni data. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 dhidi ya shule moja nchini iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa shule nyingi, kiasi hicho kinaweza kumaliza fedha za madawati, maji na ukarabati kwa pamoja.

Bodi ya usimamizi inaweza kuanza na hatua tano:

1. Fomu ya idhini ya picha itolewe mzazi anapomsajili mtoto, kwa lugha anayoielewa, ikieleza picha itatumika wapi. Mzazi anayekataa asilazimishwe wala mtoto wake asitengwe.
2. Picha za watoto wanaopokea chakula, sare, sodo au msaada wowote zisichapishwe kwa namna ya kuonesha umaskini wao. Mfadhili anayehitaji thibitisho apewe hesabu na stakabadhi.
3. Mwalimu asimwandikie mwanafunzi ujumbe wa faragha. Mawasiliano yapitie kwa mzazi au katika kundi lenye watu wazima zaidi ya mmoja. Kanuni hiyo iwahusu pia mwalimu wa Shule ya Jumapili, kiongozi wa vijana na mwalimu wa kwaya.
4. Matokeo ya mitihani ya watoto yasitumwe katika kundi la wazazi wote. Kila mzazi apewe ya mtoto wake.
5. Mwalimu mmoja wa kike na mmoja wa kiume wateuliwe kupokea malalamiko ya watoto, na majina yao yabandikwe mahali kila mtoto anaweza kuyasoma.

Nyumbani, hata pasipo kompyuta

Familia nyingi hazina kompyuta, ila simu moja ya mzazi hutumiwa na watoto wote. Hiyo inatosha kufundishia. Simu itumiwe sebuleni au uani watu walipo, si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Saa ya kulala, simu ilale kwa mzazi. Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zinataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13, kwa hivyo mtoto wa Gredi ya 4 mwenye akaunti yake alidanganya umri, au mtu mzima alidanganya kwa niaba yake. Mzazi asiyejua kutumia programu fulani amwombe mtoto amfundishe. Mtoto akiwa mwalimu hueleza mengi ambayo hangesema akihojiwa.

Nyanya na babu wana nafasi yao pia, hasa pale wanapolea wajukuu ambao wazazi wao wanafanya kazi mjini. Si lazima wajue kompyuta. Kinachohitajika ni mtoto ajue kwamba akisema, "Nyanya, kuna mtu ananitisha kwenye simu," hatafukuzwa wala kuchekwa.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa wazazi

1. Shule yetu ina vifaa vingapi vinavyofanya kazi, na vinatumika mara ngapi kwa wiki?
2. Ni kipi kati ya vipindi vitano ambacho watoto wetu wanakihitaji zaidi sasa?
3. Picha za watoto wetu ziko wapi mtandaoni, na nani aliziidhinisha?
4. Mtoto akitishwa leo usiku, anajua atamwendea nani kesho asubuhi?

Mahali pa kupata msaada

Simu ya Watoto ni 116. Haitozi malipo na hupatikana saa 24, kwa mtoto mwenyewe au kwa mtu mzima anayemhofia mtoto. Taarifa inaweza pia kupelekwa kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kwa chifu, au kituo cha polisi kilicho karibu, ambapo mkazi aulizie dawati la jinsia na watoto. Malalamiko kuhusu picha na taarifa za mtoto kutumiwa bila idhini hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Walimu wanaombwa kuiandika nambari 116 kwa chaki kwenye kona ya juu ya ubao na kuiacha hapo muhula wote, kila wanapofuta mengine.